Nguzo za Ua wa Babu

Jumatatu, 21 Oktoba 1974

Daftari hili nimepewa kwenye darasa la elimu ya watu wazima, nifanyie mazoezi ya mwandiko. Mazoezi nimemaliza. Sasa naandika mambo yangu. Nalificha ndani ya debe la mtama, chini kabisa, na juu ya mtama nimeweka alama ya kidole. Mtu akifukua, nitajua.

Leo mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Sadala, katangaza mashindano. Nyumba ya Mfano! Kaya zote zilizohamia huku kijijini zitakaguliwa tarehe 12 mwezi ujao. Nyumba iwe ya miti, udongo na nyasi za hapa hapa, mwenyewe asiwe amefyeka msitu, na uwanja wake uzuie maji ya mvua yasibebe udongo. Mshindi atapewa mlango. Si mlango wa mabanzi. Mlango wa mninga, umepigwa randa, una kitasa na funguo mbili! Umeegemezwa ukutani ofisini. Niliushika. Niliunusa.

Nautaka mlango ule. Lakini nieleze ukweli wote, maana hapa nasema na daftari. Mke wangu Mwaija ana mimba ya kwanza na siku zinakaribia. Tunaishi kwenye kibanda cha mabua tulichojenga siku ya kuhamia, mwaka wa pili huu. Amesema, bila kupandisha sauti, kwamba mvua ya vuli ikimkuta kibandani atakwenda kujifungulia kwa mama yake Mashewa, na arobaini yake yote atakaa huko huko. Siku arobaini! Mama mkwe wangu hajawahi kunipenda. Akimpata binti yake siku zote hizo, atamrudisha? Thubutu. Na mimi bila Mwaija sijui nitakuwa nani. Nampenda. Nimeandika. Basi.

Jambo moja zaidi. Mzee Sadala wakati anatangaza alikuwa na povu la maziwa kwenye masharubu. Maziwa yametoka wapi? Kijijini hapa ng'ombe ni wa mtu mmoja tu: Koisaba, Mmasai, jirani yangu wa mkono wa kulia. Mlango umeshachukuliwa kwa kibuyu cha maziwa. Mimi si mjinga.

Jumatano, 23 Oktoba

Miti ya kujengea. Msitu wa mlimani ni kwa kibali, na ukikata mmoja unapanda kumi. Kumi! Tena mwendo wa saa nne kwa miguu. Nikakaa, nikafikiri. Nikakumbuka mahame ya babu, njia ya kwenda Kwamsisi. Nyumba ilishabomoka, lakini ua wake bado umesimama, miti imenyooka utadhani ilipangwa na fundi. Si msitu. Haitaki kibali. Ni urithi wangu. Nani atasema nimeharibu msitu? Nimekata ua!

Nguzo ishirini na sita. Miti mibichi, laini, inakatika kama muhogo. Nimebeba safari nne.

Safari ya tatu nikakutana na Koisaba akipeleka ng'ombe kunywa maji. Akanisalimu vizuri. Akautazama mzigo, akasema miti hii ni ya ua, ukiichomeka tu inashika. Akasema niibambue magome, niianike mpaka ikauke, na siku ya kusimamisha niigeuze kichwa chini. Nikamshukuru. Moyoni nikacheka. Ikauke lini? Mwezi mzima! Na ukaguzi ushapita! Alidhani anasema na mtoto.

Nafika nyumbani, Mwaija kaitazama miti, kasema maneno yale yale. Magome, jua, kichwa chini. Watu wawili ambao nyumbani kwao hawasemi lugha moja, wamesema neno moja siku moja. Kama hiyo si njama, njama ni nini?

Magome yatabaki. Magome ndiyo nguo ya mti. Mimi sijengi kwa miti iliyo uchi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nguzo zimesimama. Nilichimba kabla ya swala na baada ya swala. Nyumba imekuwa mifupa, lakini mifupa mizuri. Imeegemea kidogo upande wa msikitini, na hilo silioni kuwa baya.

Mchana kaja mtu kwa baiskeli. Bwana Habakuki, bwana miti, katumwa kutoka Korogwe, kwao Bungu milimani. Ana kifaa cha kushangaza: fito tatu zimefungwa kama herufi A, katikati uzi, kwenye uzi linaning'inia jiwe. Anasimamisha kifaa, anangoja jiwe litulie, anapiga kigingi chenye kichwa chekundu. Hatua, jiwe, kigingi. Nilimfuata nyuma nikihesabu.

Anasema alipokuwa mdogo aliona shamba la maharage la baba yake likiteremka bondeni kwa mvua moja, maharage na yote, na tangu siku ile hapendi kuona maji yakikimbia. Vigingi vinafuata usawa wa ardhi. Jumanne kijiji kizima kitachimba mfereji kwenye vigingi, maji ya mlima yatatulia humo mpaka ardhi iyanywe, na ukingoni tutapanda majani na miti. Akasema pia uwanja usifagiliwe mpaka ukabaki mtupu. Majani yaachwe yashike udongo.

Maneno matamu. Mimi nilitazama mstari. Mstari ulipinda! Kwa Koisaba umepita juu, mbali na nyumba. Ulipofika kwangu ukazunguka juu ya uwanja wangu, pale pale nilipopangia migomba. Mstari wa haki hunyooka. Mstari unaopinda una kitu unakitafuta. Ile ni njia ya ng'ombe! Wanataka kunimega ardhi, ng'ombe wa Koisaba wapite, halafu njia iitwe mfereji wa maendeleo.

Na majani uwanjani! Nyoka je? Jioni hii nimefagia uwanja wote. Nimeng'oa hata jani la mwisho. Unang'aa kama sahani.

Jumamosi, 26 Oktoba

Alfajiri nimeshughulikia vigingi. Vya Koisaba sikugusa, mimi si mwizi. Vyangu tu, tisa. Nimevishusha kimoja kimoja mpaka nyuma ya nyumba yangu, hatua tatu kutoka nilipopangia ukuta. Uwanja wote wa juu umebaki wangu. Sasa mstari unatoka kwa Koisaba, unateremka umenyooka hadi kwangu, unakoma. Kazi safi! Sijui kwa nini serikali inahitaji kifaa chenye jiwe.

Nimepata hatua ishirini za ardhi bila kugombana na mtu. Nimekunywa uji vikombe viwili.

Jumanne, 29 Oktoba

Kazi ya kijiji. Majembe arobaini, nyimbo, vumbi. Watu walifuata vigingi. Walipofika mpakani kwangu mfereji ukaanza kuteremka, na jembe moja likasita. Jembe la Namelok, mke wa Koisaba. Alisimama, akatazama juu, akatazama chini, akaitazama nyumba yangu. Akauliza kwa upole, maji yakifika pale chini yatalala wapi.

Watu wakamtazama Mzee Sadala. Mzee Sadala akakitazama kigingi. Nikasema kwa sauti: ndugu zangu, kigingi ni cha serikali. Sisi tumesoma kuliko kigingi?

Kigingi kina rangi nyekundu kichwani, nani atabishana nacho? Wakachimba mpaka nyuma ya nyumba yangu, hatua tatu. Mzee Sadala mwenyewe alishindilia ukingo. Furaha ilitaka kunitoka, nikajifanya nakohoa.

Namelok alinitazama tena wakati wa kuondoka. Mwanamke yule ananichunguza. Halafu kwao nyumba hujengwa na mwanamke! Mume analinda ng'ombe, mke anasimamisha nyumba. Nilimwambia Mwaija kwamba hiyo ni desturi ya ajabu. Mwaija alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo ya nne ya maji. Akasema ndiyo, ya ajabu sana. Sikupenda alivyolisema.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo kukandika. Desturi inajulikana: unatangaza, majirani wanakuja, wanaume wanakanyaga udongo, wanawake wanabeba maji, nyumba inapata kuta kwa siku moja, na wewe unawapikia makande. Mimi sikutaka kutangaza. Watu thelathini ndani ya nyumba yangu! Watahesabu vyumba, watapima madirisha, kisha waende wakajenge yangu kwao. Nilipanga kukandika peke yangu, polepole, kwa siri.

Nafumbua macho, watu thelathini uwanjani. Mwaija alitangaza jana kisimani. Makande yalikuwa yanachemka tayari. Maharage kayapata wapi? Sikuambiwa.

Nilisimama mlangoni nikiwaangalia mmoja mmoja. Mzee Sadala, suruali kaikunja magotini na udongo umemfika kwenye mapaja, akaniuliza kama nimekuja kukandika au kulinda benki. Watu walicheka sana. Saa tisa nyumba ilikuwa na kuta nne. Sina la kulalamika, na ndiyo maana nina wasiwasi.

Namelok alileta kikapu cha mavi ya ng'ombe na kingine cha majivu, akaeleza mbele ya wote kwamba vikichanganywa na udongo ukuta haupasuki. Nikakataa kwa adabu. Nikamwambia nyumba yangu si zizi. Mwaija akafumba macho, akayafumbua baada ya muda mrefu.

Jumanne, 5 Novemba

Nyufa! Ukuta wa nyuma una ufa unaomeza kidole changu cha shahada chote. Kwa Namelok hakuna hata mmoja. Ipo siri. Nilijificha ndani ya minyaa ya mpakani nikamchunguza asubuhi nzima. Utomvu wa mnyaa ukaniingia jicho la kushoto. Moto! Nikavumilia. Kwa jicho la kulia niliona: udongo, mavi, majivu, mkono. Anapaka, anasugua, anapaka. Hakuna dawa. Hakuna maneno ya chini chini. Kwa hiyo siri yenyewe kaificha vizuri zaidi.

Mara, bila kugeuka, akaniuliza habari za asubuhi. Akasema utomvu wa mnyaa ni mbaya, nioshe jicho kwa maziwa. Akaniletea kikombe mpaka kwenye minyaa. Nikaosha. Jicho likatulia. Lakini kwa nini alikuwa na maziwa tayari?

Mchana nikamkuta Mwaija anasiriba ukuta wetu wa nyuma. Tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni, mwingine umejaa mavi ya ng'ombe na majivu. Nikamuuliza siri ile kaitoa wapi. Akasema Namelok aliitangaza Jumamosi, mbele ya watu thelathini, na mimi nikiwa mmoja wao.

Nikamsaidia kupaka. Alichoka, nikamwambia akae. Akaketi kwenye kinu akanielekeza, na tulifurahi sana mpaka jua likazama. Kisha nikakumbuka kunawa.

Alhamisi, 7 Novemba

Paa limekwisha! Nyasi nene, zimefungwa vizuri. Mzee Sadala na wenzake walipanda, mimi nilirusha matita. Mwaija kahamia leo leo: kitanda, mkeka, kinu, debe la mtama. Kalala chali, kazitazama nyasi mpya, katabasamu. Mashewa imekufa! Nimeshinda kabla ya mvua.

Nimekagua debe. Alama ya kidole changu imefutika. Huenda ni kwa kubebwa. Nafuatilia.

Na kuna jambo la kutisha. Kwenye ufa wa karibu na dirisha nimeona kitu cha kijani. Jani! Changa, linang'aa. Juu yake mengine. Kuna mtu anapachika majani kwenye ukuta wangu. Nimeyang'oa nikahesabu, kumi na moja. Wanataka nyumba ionekane chafu mbele ya mkaguzi. Nilikaa nimeegemea ufa ule, fimbo mkononi, kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Hakuja mtu. Nageuka, jani la kumi na mbili. Nyuma ya mgongo wangu! Adui huyu ni hodari.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika nimekaa juu ya kinu, kwa sababu chini ni matope.

Jana saa tisa alasiri, mvua. Si manyunyu. Mvua ya kweli. Ilianzia mlimani, tukaisikia kabla ya kuiona. Mwaija alikuwa kitandani. Uchungu ulimwanza tangu asubuhi na hakuniambia mpaka ulipozidi. Nikamwambia asiogope, paa ni jipya. Kweli, paa halikuvuja hata tone. Nilikuwa nimenyoosha kidole juu najisifu, ndipo maji yakaingia kwa chini.

Mfereji wote! Maji yote ya mlima, kuanzia juu kwa Koisaba, yaliteremka kwenye mstari ule ulionyooka, yakafika nyuma ya nyumba yangu, hayana pa kwenda. Uwanja nilioufagia haukuwa na hata jani la kuyachelewesha. Yakaupiga ukuta. Udongo wa chini ukalainika, ukaanguka vipande vipande, na maji yakapita katikati ya nyumba kama yamealikwa. Viatu vyangu vilitoka mlangoni kabla yangu.

Mwaija akaniita. Hakuwa na hasira. Aliniita jina langu tu, Muhidini, na nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani. Nilimshika mkono, nikasimama ndani ya maji, nisijue la kufanya. Mimi, mwenye mpango wa kila kitu.

Namelok akaingia. Kajifunga shuka kiunoni, hakuuliza lolote. Akamshika Mwaija upande wa pili, tukampeleka kwake. Kwangu maji magotini. Kwake hakuna maji! Mfereji wa kwake uliyabeba yote kuniletea mimi, na yaliyobaki yalinywewa na majani ya uwanjani. Mlango wake ni mdogo, tuliinama. Ndani moto, ngozi laini, ukuta mkavu. Mkunga akaitwa, Bi Chausiku, na mimi nikatolewa nje.

Nilisimama na Koisaba chini ya upenu. Hakusema neno kuhusu mfereji. Kutosema kwake kulikuwa kwa makusudi.

Kabla ya isha kazaliwa. Msichana. Mzima. Na Mwaija mzima. Niliposikia sauti ya mtoto nililia, mbele ya Koisaba, na sijali. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Alhamdulillahi mara elfu. Tutamwita Zamda, jina la marehemu mama yangu.

Bi Chausiku kaamua kwamba arobaini itakaliwa kwa Namelok, kwenye pakavu, na hakuna mwanamume wa kubishana na Bi Chausiku. Ni hatua themanini tu kutoka kwangu. Afadhali kuliko Mashewa. Lakini tujiulize: nani kafaidika na mafuriko? Namelok. Sasa ana mke wangu na mtoto wangu. Nasema tu.

Daftari limesalimika. Kabla ya mvua Mwaija alikuwa amelipandisha debe la mtama juu ya kitanda. Sielewi kwa nini alilijali debe kuliko viatu vyangu.

Jumanne, 12 Novemba

Ukaguzi. Bwana Habakuki kaja, baiskeli kaibeba begani kwa sababu ya matope. Akaanza na mfereji. Akasimamisha kifaa chake kwenye mpaka wangu. Jiwe likaenda upande. Akasogea hatua, akasimamisha tena. Likaenda upande zaidi. Akauliza nani kagusa vigingi. Watu wote wakanitazama mimi, sijui kwa nini. Nikasema mbuzi. Akauliza ni mbuzi gani anayeng'oa vigingi tisa kisha akavipiga tena kwa nyundo, vimenyooka. Nikasema mbuzi wa siku hizi.

Mzee Sadala akasema, macho kayaelekeza mlimani, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Haihusiki. Hiki si kisima, ni mfereji, na ulichimbwa na kijiji.

Kisha nyumba. Hapa nilishtuka hata mimi. Udongo umeondoka wote kuanzia chini mpaka kiunoni, lakini nyumba haikuanguka. Nguzo ishirini na sita zimesimama, na zote zina majani. Nyingine zina vitawi! Ile ya kona ndege alikuwa ametua. Bwana Habakuki akaitikisa, haikutikisika. Akafukua kwa kidole chini yake, akanionyesha mzizi. Akakaa kwenye jiwe, akacheka mpaka akavua kofia. Akasema amezunguka Handeni na Korogwe yote, na hii ndiyo nyumba ya kwanza kuikagua ambayo inahitaji kupogolewa.

Kumbe hakuna aliyepachika majani. Au aliyepachika alijua nguzo zitachipua, akapachika mapema ili ionekane zimechipua zenyewe. Hilo sijaliacha.

Nilijitetea. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia: nimekata miti ishirini na sita, nimepanda ishirini na sita, papo kwa papo. Msitu gani umewahi kulipwa haraka hivyo? Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, nikapata tumaini. Mlango akampa Namelok.

Povu la maziwa! Nilisema tangu tarehe 21.

Ijumaa, 15 Novemba

Namelok kauleta mlango. Kwangu! Waliubeba yeye na Koisaba, wakauegemeza kwenye nguzo yangu ya kona, yenye kivuli. Akasema mlango wa kwake ni mwembamba na una kona ya kukinga upepo, mtu anaingia kwa kuinama, ubao ule hauingii hata nusu. Akasema nyumba ya mtoto mchanga inahitaji mlango. Funguo zote mbili kampa Mwaija.

Nilishika kitasa. Nikanusa mninga. Nilitaka kusema asante, nikasema karibuni.

Baadaye akili ikarudi. Hakuna mtu anayetoa mlango bure. Una kasoro. Nimeugonga kila mahali kwa kidole. Kasoro sijaiona, kwa hiyo ni kubwa.

Jioni Mwaija kanipa masharti yake kupitia kidirisha cha Namelok. Siku ya arobaini atarudi, ikiwa mfereji umepandishwa mahali pake, ukuta umekandikwa upya kwa mavi na majivu, uwanja una majani, na mlango umesimama kwenye miimo mikavu. Akarudia: mikavu. La sivyo anakwenda Mashewa na mtoto, na mama yake ameshaandikiwa barua. Barua! Akaongeza kwamba mama yake hajawahi kunichukia, ni mimi tu ninayefikiri hivyo. Alilisema kwa sauti laini ambayo sijaisikia siku nyingi. Ajabu. Jambo la mama mkwe sikupata kumwambia mtu. Nililiandika tu.

Nilipenyeza kidole dirishani. Zamda akakishika, hakutaka kukiachia. Nikaapa, hapo hapo, kwamba safari hii nitasikiliza la kila mtu.

Jumapili, 17 Novemba

Kazi inakwenda vizuri sana. Bwana Habakuki kapiga vigingi upya. Vimepinda tena juu ya uwanja wangu. Nimeviacha. Kiapo ni kiapo. Nimesogeza kimoja tu, cha mwisho, kwa sababu ya mgomba.

Koisaba kaniletea miimo miwili. Miti ya mgunga, imebambuliwa, imekauka mwaka mzima, mizito kama chuma. Akasema ni zawadi ya mtoto. Nikaipokea kwa mikono miwili. Alipoondoka nikakaa, nikafikiri. Kwa nini mtu abambue mti kama hana anachoficha? Bila magome utajuaje ni mti gani? Na kwa nini alikuwa nayo tayari, miwili, urefu wa mlango sawasawa? Nimeilaza nyuma ya nyumba. Naikalia ninapokunywa uji.

Adhuhuri nikachukua panga, nikaenda mahame ya babu. Ua umechipua vizuri baada ya mvua. Nikachagua miwili iliyonyooka kuliko yote, nikarudi nayo begani, nikaisimamisha, nikaushindilia udongo kwa kisigino. Mlango unafunguka na kufungika. Nimeufungua mara arobaini.

Jioni nikaenda kwenye kidirisha. Mwaija, mtoto kifuani, akaniuliza kama miimo ni mikavu. Nikamwambia mikavu kabisa. Na ilionekana hivyo, maana majani nilikuwa nimeshayapukutisha yote njiani.